Zamu ya Usi

Alkhamisi, 19 Septemba 1957

Wamerudi! Sikutazamia kabisa. Tangu tulipomzika mume wangu, Usi, baraza yetu wanaikalia paka tu. Leo baada ya sala ya alasiri Makungu amegonga mlango, akampa mavyaa, Bi Mwanakheri mama yake Usi, shikamoo, akaomba ile meza ndogo waliyokuwa wakiitumia na Usi. Mavyaa amempa, kisha akaingia chumbani kulia kwa ajili ya mwanawe. Mimi niko juu na eda yangu — nguo nyeupe, dirisha nimeliegesha. Macho yanakaa eda. Masikio yamekataa.

Wako watatu. Makungu ni dereva wa gari ya shamba, ile inayopakia abiria wa Fumba, na huzungumza kama bado yuko kwenye usukani na injini inanguruma. Champsi ni fundi saa, mpole, kila neno hulipima kabla hajalitoa. Wa tatu mgeni kwangu: Msabah, karani wa bandarini, amehamia mtaani petu juzijuzi. Wote wana maradhi yaleyale aliyokuwa nayo Usi — kuunda vigari. Vigari vya mbao za makasha ya chai na bati za mikebe ya biskuti! Milango inafunguka, usukani unazunguka, na hakuna anayeuza hata kimoja. Watu wazima, wenye ndevu zao. Miaka yote niliyokaa na Usi niliona vidole vyake vina gundi, niliona kigari kikiisha na kingine kikianza, lakini mazungumzo ya huko chini yalikuwa yao. Mke haulizi ya barazani. Sasa nina nafasi ya kuuliza, na wa kumuuliza hayupo.

Kumbe wanacheza! Hili sikulijua. Mmoja anataja neno, mwenziwe anashika silabi ya mwisho na kuanzia neno jingine. Gari. Rinda. Ndafu. Fulana. Nazi. Zizi. Mtu akikwama wanampigia kelele: "Imezima! Piga hendeli!" — kama gari iliyogoma asubuhi mpaka izungushwe kwa chuma cha mbele. Makungu amezimika mara mbili kabla ya magharibi, na mara zote mbili ameapa kuwa neno lipo mdomoni, limekataa kutoka tu.

Ila kuna kitu sikielewi. Makungu akishataja neno lake, kimya. Si kimya cha mtu aliyekwama, maana hizo kelele za hendeli hazipigwi. Kimya tu, halafu Champsi anaendelea. Kila mzunguko, palepale. Kwa nini?

Ijumaa, 20 Septemba

Nimechungulia. Mavyaa alikuwa anaswali, nami nikajipa ruhusa. Kwenye vipenyo vya dirisha nimeviona vichwa vyao vitatu. Baina ya Makungu na Champsi pana nafasi ya mtu mmoja. Msabah amebanwa ukingoni, nusu ya makalio iko hewani, na ile nafasi hakuna anayeikalia.

Ni mahali pa Usi. Kimya kile ni zamu yake. Wanamwachia.

Nimelia mpaka mtandio umerowa.

Jumatatu, 23 Septemba

Uchunguzi unaendelea. Mama yangu alikuwa akisema udadisi utaniponza. Bado haujaniponza, unanitoa upweke tu.

Wakati wa kile kimya midomo ya Makungu na Msabah inatikisika. Basi leo nimejaribu: Makungu alipotaja neno nikaanza Kulhuwallahu kimoyomoyo. Nilipoimaliza, Champsi akataja lake. Mzunguko wa pili, hivyohivyo! Wanamsomea sura nzima, halafu mchezo unaendelea. Champsi ana dini yake, yeye huinamisha kichwa na kuwangojea wenziwe.

Na nimegundua jingine. Mchezo si mchezo mtupu. Wakiunga kipande kwa sherizi — ile gundi ya maseremala ya kuchemsha — lazima mmoja akibane kwa vidole wala asikiachie mpaka ishike. Mikono imefungwa, basi midomo ndiyo inayopata kazi. Mnyororo wa maneno ukizunguka mara kumi, wote kwa pamoja: "Achia!" Na kipande kinakaa. Msabah ameuliza kwa nini wasitumie saa, na fundi saa wanaye hapo hapo? Champsi amejibu kuwa kutwa nzima anazikodolea macho saa za watu, jioni hataki kuziona. Akasema kipimo hiki alikiweka Usi mwenyewe, kwa kujaribu na kujaribu, na hakijawahi kuwadanganya.

Nimefurahi kulisikia hilo, hata sijui kwa nini nimefurahi hivyo.

Jumamosi, 28 Septemba

Makungu ameleta sanduku la Usi, lilikuwa limebaki dukani kwa Champsi. Mavyaa alitaka lisukumwe uvunguni. Nikamuomba. Akasema, "Chukua, mwanangu. Mie siwezi kulitazama."

Ndani mna msasa, koleo ndogo, kopo la gundi kavu ya vipande vipande, na gari ya shamba ambayo hajaimaliza. Ina boneti. Ina viti vya abiria, mbao nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Nyuma kuna kidato cha utingo kusimamia! Turubai za pembeni amezikata kutoka shati lake la kazi — nimelitambua, nililitafuta shati lile nyumba nzima mwezi wa Ramadhani, nikamsingizia dobi. Haina paa bado. Nguzo za paa zimo kwenye bahasha, hazifanani urefu. Ipi inakwenda wapi? Nimezipanga sakafuni, nikazipangua, nikazipanga tena. Chakula cha mchana kimeungua.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimechemsha gundi. Mavyaa amepanda ngazi pua ameiziba kwa upande wa kanga.

"We Mwatum! Kuna mnyama kafa humu?"

Nikamwambia ni gundi, hutengenezwa kwa ngozi na kwato. Akauliza kwani eda inaruhusu mambo haya. Nikamjibu, eda inakataza manukato, na hii, mama, kwa kila mwenye pua si manukato. Amecheka! Amekaa kwenye ngazi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, halafu akanifungulia dirisha la uani ili moshi utoke.

Alasiri nimewangoja. Makungu chini alipobana springi za kigari chake, mimi juu nikabana nguzo ya kwanza. Mnyororo ukaanza. Ilipofika zamu ya Usi tukasoma wote, wao chini na mimi juu, na hakuna aliyejua kuwa nami nimo. Waliposema "Achia!" nikaachia.

Imesimama! Nimeivuta kwa kidole, haiendi popote. Usiku nimelala vizuri.

Alkhamisi, 10 Oktoba

Maulidi yamepita, vuli imeanza. Nguzo mbili zimesimama. Ya tatu nimeiharibu leo, na si kosa langu.

Msabah amesema. Alisema kwa adabu, nimkubalie hilo. Kwamba marehemu huombewa dua nyumbani na msikitini, lakini kumwekea mahali barazani na zamu kwenye mchezo, hilo hajalisikia kwenye dini wala kwenye mila. Na kwamba yeye, kwa hakika, amechoka kukaa nusu nusu. Makungu akasema labda ni kweli, labda wanamtesa Bi Mwanakheri kila akipita na kuiona nafasi ya mwanawe iko wazi. Champsi akasema yeye hajachoka kungoja. Lakini wawili kwa mmoja. Nimesikia Msabah akisogea na kukaa vizuri.

Mnyororo ukaenda bila ya kusimama. Huyo Msabah ana haraka! Neno linamtoka kabla mwenziwe hajafunga mdomo. Makungu, Champsi, Msabah, Makungu, Champsi, Msabah. Usi hayumo.

Nimekasirika mpaka nguzo imeniponyoka mkononi. Mimi nilishamzika, wakaja kunizikia mara ya pili, na mara hii chini ya dirisha langu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mambo! Kila kitu kinaachia. Springi za Makungu zimeanguka zote mbili. Mlango wa gari ya Champsi umebaki mkononi mwake. Na kila mtu ana mchawi wake: Makungu anasema muuza gundi amewachanganyia unga, Champsi anasema ni unyevu wa vuli, Msabah anasema Makungu ana vidole vya kubania usukani, si vipande vidogo. Wamegombana kidogo. Hendeli haikupigwa leo.

Lakini mimi juu nguzo yangu ya tatu nayo imeachia, na gundi yangu ni ileile ya kopo la Usi. Basi muuza gundi hana makosa. Je, mvua?

Nimekaa nikafikiri. Kisha nimechukua vijiti vinne, nikaunga viwili viwili, gundi moja, chumba kimoja, mvua moja. Jozi ya kwanza nikaiachia walipoita "Achia!" chini. Ya pili nikaendelea kuibana mpaka nimesoma Kulhuwallahu kumi, moja kwa kila mzunguko. Baada ya magharibi nikazivuta. Ya kwanza imeachana. Ya pili imegoma, kimevunjika kijiti chenyewe lakini kiungo kiko palepale.

Ni zamu ya Usi!

Si sura, ni muda wake. Usi alikuwa mzito wa kujibu. Ukimuuliza chai au kahawa, hutazama dari kwanza. Kipimo alikiweka yeye, na uzito wake wa kujibu umo ndani. Alipofariki sura ikashika nafasi yake, mambo yakaenda. Wakaiondoa — vigari vikaanza kukatika vipande. Nimecheka peke yangu chumbani. Halafu nikaona sina wa kumwambia.

Jumanne, 15 Oktoba

Nitawaambiaje? Mjane ndani ya eda hasemezani na wanaume wa nje. Nikiwatupia kikaratasi dirishani, mtaa mzima utakinywea kahawa mpaka mwakani.

Basi nimemwendea mavyaa. Nimemuonyesha vijiti, nikamweleza mizunguko, zamu, haraka za Msabah. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha, mkono wake juu ya wangu. Nikadhani ameelewa. Alasiri akashuka, akasimama nyuma ya mlango, akawaambia, "Wanangu, msomeeni mwenzenu. Msimsahau."

Masikini, waliona haya! Wakasoma Fatiha, moja, kwa sauti nzuri na adabu kubwa, Champsi akasimama. Wakaitikia Amin. Kisha wakaanza mnyororo mbio zilezile, na springi za Makungu zikaanguka kama juzi.

Mavyaa amepanda, uso umenawiri. "Nshawaambia, mwanangu." Nikamwambia ahsante. Ningemwambia nini tena? Mama amesikia mwanawe anasomewa, na hicho ndicho alichokiendea.

Alkhamisi, 17 Oktoba

Wanahama.

Makungu amesema baraza hii ina nuk — akakatiza, hakulimaliza neno. Nyuma ya duka la Champsi ni pakavu, watakaa huko. Jumapili watajaribu ekseli ya mbele ya gari ya Makungu mara ya mwisho. Ikishika, watakaa. Ikianguka, wanarudisha meza na kuaga.

Itaanguka. Najua itaanguka, na najua kwa nini.

Hata eda yangu ikiisha, mwanamke ataingiaje kukaa na wanaume nyuma ya duka la saa? Hapa wako chini ya dirisha langu. Ni hapa tu ambapo Usi alikuwa bado ana zamu. Wakiondoka sitamsikia tena popote, nami nitabaki na kigari kisicho na paa na paka wa barazani. Sitaki! Nimeliandika, basi. Sitaki waondoke.

Mavyaa ameniuliza mbona sili.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua imekatika saa hii. Nimeketi dirishani, kitabu magotini, naandika huku nasikia. Mavyaa yuko chumba cha pili, tasbihi yake inagonga taratibu.

Wamekuja. Makungu hana utani leo. Nasikia kopo la gundi likiwekwa mezani. Amepaka. Amebana. "Haya," anasema, "bismillahi."

Bakuli. Limau. Ukuta.

Tarumbeta. Taa. Andazi.

Wanakimbia. Champsi peke yake anajivuta, kabla ya kila neno lake anachelewa kidogo, kama mtu aliyezoea kumpisha mwingine mlangoni. Msabah anamhimiza: haya, bwana, haya.

Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa: mjane asizungumze na mwanamume wa nje ila kwa haja. Mwalimu wetu, Sharifa mmoja, alikuwa akitufafanulia haja ni nini: mgonjwa, moto, mwizi, mlango. Gundi hakuitaja. Lakini hakusema kuwa ametaja zote.

Na si kuzungumza. Ni neno moja. Sitamsemesha mtu, nitasema neno la kitu tu. Hivi ndivyo mtu anavyojidanganya au ndivyo anavyofikiri sawasawa? Sijui. Mzunguko wa tatu unaisha.

Makungu: "Kisima."

Nimesema. "Makuti." Kwa sauti, dirishani, si kubwa wala si ndogo.

Kimya.

Kimya kirefu kuliko sura. Tasbihi ya mavyaa nayo imesimama. Sijasikia kitu kikianguka mezani, basi Makungu bado amebana. Msabah ameanza: "Lakini, bwana, huyo si —" na Makungu amemkatiza. Amesema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Champsi. Zamu yako."

Champsi amekohoa. "Tikiti."

Nimeziba mdomo kwa mkono. Msabah anakawia! Msabah, mwenye haraka zote zile! Halafu, chini chini: "Tiara."

Mlango wa chumba umefunguka nyuma yangu. Mavyaa. Sigeuki, mkono wangu unaandika tu. Anakuja polepole, anaburura kandambili.

Makungu: "Ramani."

Na wamenyamaza. Champsi hasemi. Msabah hamhimizi. Hakuna anayepita mbele, wote wameiacha wazi, wananingoja mimi. Ni — ni — neno ninalo. Mavyaa amenikaribia mpaka nasikia pumzi yake, amepitisha mkono juu ya bega langu, ameushika ubao wa dirisha. Sijui anaufunga au anaufungua zaidi.